Mpimaji na Jimbo Lililochorwa kwa Rula

Hakuwa na gari. Naanza hapo kwa sababu kila aliyemjua Mpimaji, huku Maryland na kule Virginia, anamkumbuka akiwa ndani ya gari, na kila mmoja anakumbuka gari lake. Mmoja atakwambia lilikuwa jekundu, la milango miwili. Mwingine atakuapia lilikuwa jeupe, refu kama la kubebea maiti. Wote wanasema kweli. Yalikuwa magari ya kukodi. Alichukua moja Ijumaa, akalirudisha Jumatatu, na katikati hapo alikuwa mtu mwingine kabisa, si yule mliyemzoea kanisani, amekaa benchi la nyuma na koti lenye vifungo visivyofanana.

"Gari lako mwenyewe ni kama mke," alikuwa akisema. "Litakuuliza ulikuwa wapi. La kukodi halikujui, haliulizi."

Mke wangu, Mama Mueni, alimjibu siku moja mezani petu: "Ndiyo maana huna vyote viwili."

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Alijua kucheka anapochekwa, hilo nampa.

Jina lake silitaji. Wakenya na Watanzania walimwita Mpimaji, Wakongo wakamwita Papa Mupimaji, na yeye aliitika kote. Kwao aliwahi kuwa mpima ardhi wa serikali, yule mtu anayekuja na miti yake mitatu na vijiti vya rangi, na akiondoka ndugu hawasemezani. Kwa nini aliacha kazi ile sijui. Wako waliosema alikataa kuhamisha bikoni, yale mawe ya mpaka, kwa ajili ya mkubwa fulani. Wako waliosema alikubali. Nimeyasikia yote mawili, na mtu niliyemjua mimi angeweza yote mawili.

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Nilikuja nchi hii nikiwa mpishi wa mtu wa ubalozi, yeye akarudi, mimi nikabaki, nikashika ndoo. Leo nina kampuni ya usafi, magari matatu yenye jina langu ubavuni, wafanyakazi kumi na mmoja, na nyumba yangu hapa Lanham, Maryland. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya ili mjue ni mtu gani anayeandika, kwa sababu wenye vyeti wakisoma habari za Mpimaji watataka kumhurumia yeye na kunihukumu mimi. Wanihukumu. Lakini wasome kwanza.

Alipenda kupima. Hakuwa na ugonjwa mwingine. Tepu ya chuma ilikaa mfukoni mwake kama wengine wanavyobeba rozari. Akifika kwenye kaunta ya magari ya kukodi, atalizunguka gari mara mbili, atapiga goti, atavuta tepu, kisha atamwita karani: "Mkwaruzo. Mlango wa nyuma, kulia. Inchi nne na robo. Andika." Karani anasema ni mdogo, si kitu. "Kama si kitu, kuandika kunakuuma nini?" Na karani anaandika.

Akiendesha, alikwenda polepole hadi nikaona aibu. Kwenye Beltway, ile barabara kuu inayozunguka Washington, malori yalitupita yakitupulizia upepo, watu wakitutukana kwa mikono.

"Wanapiga honi," namwambia.

"Wacha wapige. Honi haisukumi gari."

Nani kati yenu anakumbuka uzio wangu? Nilijenga uzio wa mbao nyuma ya nyumba, mzuri, kwa mikono yangu na Jumamosi zangu nne. Mpimaji akaja kula. Kabla ya kunawa akatoka nje, akapiga hatua, akainama, akavuta tepu, akaomba karatasi ya kiwanja. Jirani yangu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni College Park, alikuwa bustanini kwake akimwagilia nyanya. Mpimaji akamwita, mbele yangu, kwa sauti: "Ndugu yangu, uzio huu umekuingilia inchi kumi na moja."

Yule bwana, Kiswahili chake ni cha kitabu, akavua kofia. "Sikuwa na habari hiyo, ndugu jirani. Ninakushukuru sana kwa uaminifu wako."

"Usinishukuru mimi," nikamwambia. "Mshukuru huyu nyoka niliyemwandalia chapati."

Nikaung'oa uzio. Jumamosi nyingine tatu. Mpimaji alikuja zote tatu, akanishikia mbao, hakuomba radhi hata siku moja. Nilipomuuliza angepungukiwa nini kama angeninong'oneza kwanza, alisema ukishanong'oneza mpaka, si mpaka tena. Hapo nilimchukia na nikamwamini kwa wakati mmoja. Nilijua mtu huyu hawezi kunidanganya hata akitaka.

Nilihitaji mtu wa namna hiyo. Kiswahili nasoma, Kikamba nasoma, Biblia zote mbili nimemaliza. Kiingereza cha kusema ninacho, nimekipigania kwenye korido za maofisi. Lakini Kiingereza cha barua, kile cha serikali na cha mawakili, kinanifungia mlango. Na mimi nilikuwa nimewaambia watu wote, kanisani, kazini, hata watoto wangu, kwamba nilifika kidato cha nne. Aliyejua ukweli ni Mama Mueni na Mpimaji. Kila Jumamosi ya pili alikuja Lanham. Watu walidhani anakuja kula. Nilikuwa nafungua droo ya kabati la vyombo, natoa barua, naziweka mbele yake. Anasoma moja kimya kwanza, mpaka mwisho, kisha anaiweka chini na kunieleza kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kunitazama usoni. Hakutabasamu. Hakunifundisha kwa nguvu. Miaka yote hiyo hakuropoka kwa mtu, hata siku zile alipokuwa amenikasirikia, na alikuwa mtu wa kukasirika.

Alikuwa na dharau pia, nisimpake mafuta. Aliwadharau wanaotumia vile visanduku vipya vinavyoongea njia. "Umepewa macho mawili, unaongozwa na mwanamke asiyeonekana." Aliwasahihisha Wakenya Kiswahili chao na Wakongo Kiswahili chao, na yeye mwenyewe akikasirika alichanganya lugha tatu. Alidharau kazi za kuhudumia wazee, akisema ni kazi za waliokosa, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya.

Alimtunza mzee wa Kizungu huko Falls Church, mji wa upande wa Virginia, kwenye apatimenti karibu na Route 7. Mjane, zaidi ya miaka tisini, miguu haimbebi, akili inakuja na kuondoka. Mpimaji alilala chumba cha pili. Mimi nimeajiri watu wengi, najua mtu anayefanya kazi na mtu anayesubiri saa. Nilimwona akimnyoa mzee yule ndevu. Alivuta ngozi ya shavu kwa kidole kimoja, akapitisha wembe, akafuta, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama pande mbili zimelingana. Mzee alikuwa amefumba macho kama mtoto. Majira ya maua alimpakia kwenye gari la kukodi, wakaenda mpaka Winchester kutazama mitofaa imechanua, akarudi naye jioni amelala na petali kichwani.

Mzee yule alimwomba neno moja: asimwachie wageni. Afe mikononi mwake. Mpimaji aliahidi. Aliniambia jambo hilo barabarani, tukishuka kutoka ile barabara ya juu ya milima ya Shenandoah.

"Nimempa neno langu. Nikiondoka nchi hii, nitaondoka baada yake."

Sasa muelewe neno hilo lilikuwa na uzito gani. Mpimaji hakuwa na karatasi. Alikuja kwa viza ya kusomea kozi, kozi ikaisha, viza ikafuata. Alikuwa na leseni ya udereva ya Virginia ya zamani, ikamsaidia miaka, mpaka walipoanza kudai karatasi za uhamiaji kabla ya kukupa nyingine. Yake ikafa mfukoni. Tangu hapo magari tulikodi kwa jina langu. Mimi nikaendesha, yeye akakaa pembeni na ramani magotini akinisomea barabara. Hakulalamika, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa unafungika na kufunguka kwenye goti kila nilipokata kona. Polisi mmoja tu, kona moja tu, na yule mzee angeachwa. Mimi nilijua. Alijua kwamba najua.

Twende sasa Wyoming.

Kwa miaka alikuwa na ramani ya Marekani ukutani, na alikuwa akigonga kwa kidole sanduku moja upande wa magharibi. "Tazama. Pande nne, zote zimenyooka. Mtu alikaa mezani na rula akachora nchi, bila kuuliza mto wala mlima. Nataka nikaone kama nchi ilimtii."

"Mraba gani huo wa kuendea kwa ndege?"

"Si mraba, mzee. Ni mstatili."

Mwaka ule binti wa yule mzee alisema atakuja kutoka Richmond kukaa na babake wiki moja. Tukapanda ndege mpaka Denver. Kwenye kaunta nikatoa leseni yangu na kadi yangu, wakaleta mkataba, kurasa nne za herufi ndogo kama siafu. Nikampa Mpimaji kama kawaida. Akasoma kimya. Nikamwona anarudi ukurasa wa pili. Kisha akaniambia: "Usivute sigara ndani. Urudishe mafuta yamejaa. Ukichoka, mwenzako anaruhusiwa kukupokea."

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa."

Nikatia saini.

Tukashika barabara ya kaskazini. Kwenye mpaka wa majimbo akaniomba nisimame. Akashuka, akatanua miguu, mguu mmoja Colorado, mwingine Wyoming, upepo unampepea suruali kama bendera. Hakuna mto. Hakuna hata kichaka. Majani ya njano mpaka macho yachoke.

"Na wenye ng'ombe walikubali?" nikamuuliza.

"Hawakuulizwa."

"Kama sisi."

"Kama sisi kabisa," akasema, na sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Cheyenne ni mji wa makauboi, na hawaoni haya kukuambia. Wameweka viatu vya buti barabarani, virefu kuliko mtu, vimechorwa farasi na treni na milima. Mpimaji alilipima buti mbele ya watu. "Futi nane. Mwenye mguu huu kichwa chake kiko mawinguni." Mama mmoja mwenye kofia pana akatuuliza tumetoka wapi. Nikasema Lanham. Akasema hajawahi kufika Afrika. Tukacheka mpaka stesheni ya zamani, ile ya mawe ya rangi rangi yenye mnara wa saa, na ndani tukasoma habari za reli, yaani yeye alisoma. Walijenga reli, mji ukaota kando yake kama magugu. Bustanini kuna injini ya mvuke, nyeusi, kubwa kama jengo la ghorofa. Aliigonga kwa kucha. Akasema chuma chote hiki na leo kinakaliwa na njiwa. Siku mbili zile alinunua maandazi yao ya mdalasini kila asubuhi akaninunulia na mimi, na akanisomea kila kibao, hata vya bei za kofia.

Siku ya tatu tukashika barabara ya zamani inayopanda kuelekea Laramie. Hapo ndipo nchi inaacha kuitii rula. Mawe yamepangana juu ya mawe, makubwa, ya waridi, kama magunia yaliyotupwa stoo na mtu aliyekasirika. Yalinikumbusha kwetu. Swala wa huko, wenye makalio meupe, walikuwa wanatutazama bila hofu.

"Nipe usukani, mzee," akasema Mpimaji.

"Na leseni?"

"Hapa atakayeniuliza ni swala. Maili tano tu. Mkataba umeniruhusu."

Nilimtazama. Mkono ulikuwa unafungika na kufunguka. Nikasimamisha gari, nikampa.

Maili tano zile sizisahau. Aliendesha kama mtu anayebeba maji kichwani. Alizima redio. Kisha ghafla akakanyaga breki, akaegesha kwenye majani, akaruka nje.

"Umeona?"

"Nini?"

"Bikoni!"

Ng'ambo ya seng'enge kulikuwa na nguzo fupi, na chini yake kitu kama kifuniko cha shaba. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu alivuka seng'enge ile, suruali ikachanika, akapiga magoti, akafagia majani kwa viganja. Namba zilikuwa zimegongwa juu ya shaba. Akazipapasa. Aliniita nije nione mstari ulipopita, kutoka pale mpaka upeo wa macho. Nikavuka na mimi, mjinga mwenzake. Na hapo akafanya lile kosa. Akatoa tepu. Akanipa ncha nishike, akaanza kurudi kinyumenyume kwenye shamba la watu, anapima.

Kwetu ukimkuta mtu usiyemjua anapima shamba lako, hujiulizi mara mbili, unachukua panga. Mpimaji alijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Alifukuzwa kwa panga enzi zake, alituhadithia. Lakini siku ile alisahau kwamba Mzungu naye ana shamba.

Mwenye shamba alikuja na gari la mizigo na mbwa. Yeye alichukua simu.

Naibu wa sherifu, yule polisi wa wilaya aliyeitwa, alikuwa mtu mpole, niseme haki. Alitutoa kwenye seng'enge, akamsikiliza Mpimaji akieleza mambo ya bikoni kwa kile Kiingereza chake cha kupigwa pasi, na karibu acheke. Akamwambia mwenye shamba hawa ni watalii, hawajaiba kitu. Mwenye shamba akaguna. Mambo yalikuwa yanaisha. Kisha akaomba karatasi za gari, kama wanavyoomba siku zote. Nikampa leseni yangu na mkataba. Akafunua ukurasa wa pili, akaweka kidole.

"Dereva ni wewe peke yako," akasema. "Hapa inasema hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa. Saini hii ni yako?"

Nikasema ni yangu.

Nilimgeukia Mpimaji. Alikuwa anatazama chini, kwenye suruali yake iliyochanika. Hapo nikajua. Alisoma, akarudi ukurasa wa pili, akaliona, na akanisomea jingine. Mtu aliyeniaibisha mbele ya jirani kwa inchi kumi na moja. Nilihisi kama ile droo yangu ya barua imemwagwa barabarani, kila barua ya miaka yote, na sijui tena ipi ilisema nini.

Yule naibu akauliza, kwa upole uleule: "Nani alikuwa anaendesha?"

Hakuna aliyetuona. Mwenye shamba alilikuta gari limeegeshwa. Funguo zilikuwa juu ya kiti. Neno "mimi" lingetosha.

Mpimaji akainua macho akanitazama. Hakuomba. Alinitazama tu, kama anavyotazama barua kabla ya kuanza kuisoma.

"Yeye," nikasema.

Wakamwomba leseni. Akatoa ile maiti yake.

Nilibaki Cheyenne siku mbili, sikuruhusiwa kumwona, nikarudisha gari Denver peke yangu. Namba za barabara nazijua. Vibao vingine vyote vilinipita.

Walimshikilia wiki tatu, wakampeleka kwa watu wa uhamiaji, wakamwachia arudi Falls Church kungoja. Baadaye akakubali kuondoka mwenyewe kuliko kutolewa. Wakampa miezi minne. Yule mzee alikuwa bado hai.

Kanisani wakagawanyika. Wengi walisema nimesema kweli, mtu hawezi kumdanganya polisi. Walionipa mkono ni haohao wanaodanganya kazini kila siku. Mama Fifi, Mkongo anayetupikia siku za ushirika, alinikuta kwenye foleni ya chakula akaninyang'anya sahani.

"Weye Papa, ulimuuzisha mwenzako. Miye sikupakulie."

"Nilisema kweli, Mama."

"Kweli ya nini? Kweli inakula? Ondoka kwa chungu yangu."

Nilimwambia Mama Mueni nyumbani. Alikuwa anakunja nguo. Akasema: "Chakula chake ni chake," na hakusema lingine, mwezi mzima.

Ilibidi nimwambie binti yangu ukweli wangu. Mueni alikuwa muuguzi tayari, mtu mzima. Nikafungua droo, nikatoa barua za miaka kumi na miwili, nikamwambia: nisomee. Alinijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu hawa watoto waliokulia huku, akaniuliza ninamaanisha nini. Nikamwambia sijui kusoma hizi. Alikaa kitako sakafuni. Kisha akasoma, jioni tatu, na mimi nikawa namwambia baada ya kila moja alichonieleza Mpimaji siku ile. Kodi, bima, barua ya uraia wangu, kesi ya yule mfanyakazi aliyeanguka. Zote Mpimaji alikuwa amezisoma sawa. Neno kwa neno. Kuna barua moja ya mteja iliyonitukana, hata hiyo alinisomea matusi yote. Katika droo nzima hakuna uongo hata mmoja. Uongo ulikuwa ule wa mkataba peke yake.

Nilingoja mpaka siku aliyoondoka. Kwa nini nilingoja? Kiburi. Siandiki hapa kujipamba.

Nilifika Falls Church asubuhi. Alinifungulia mlango mwenyewe, akiwa na koti lilelile. Sanduku moja tu lilikuwa koridoni. Ukuta ulikuwa na alama nyeupe palipokuwa na ramani. Mzee wa Kizungu alikuwa amelala chumbani, mlango wazi, namsikia anavyopumua.

"Nimekuja nikupeleke uwanja wa ndege."

"Teksi inakuja."

"Ya nini teksi na gari langu liko chini?"

"Lile lenye picha ya ndoo?" Akacheka kidogo. "Hapana, mzee. Nimeshapiga simu."

Nilikuwa nimekuja na maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima: kwamba Mueni amesoma droo yote, kwamba nimeona. Badala yake mdomo wangu ukafunguka ukasema: "Ulinisomea uongo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuendesha." Alisema hivyo tu, kama mtoto. "Nilijua ukisikia hairuhusiwi utakataa. Nilitaka maili tano."

"Basi mimi nilisema kweli."

"Ulisema. Mzee wa kidato cha nne. Nimekaa na wewe miaka kumi na miwili nikingoja useme kweli, na ukaichagua siku ile."

Nilimjibu. Oh, nilimjibu. Nilimwambia mpaka haunong'onezwi. Nilimwambia nani alitoa tepu kwenye shamba la watu. Nilimwambia angeomba tu, ningempa usukani hata bila mkataba, na huo ulikuwa uongo na tulijua wote wawili. Alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Basi umeshinda," akasema. Honi ya teksi ikalia chini.

Akaingia chumbani. Nilimwona akiinama, akamnyoosha mzee kola ya pajama, akarudi nyuma hatua moja kutazama, akainyoosha tena. Hakumwamsha. Alipotoka alisema mhudumu mpya atafika saa sita, na kama naweza kukaa mpaka hapo. Nikasema naweza. Akanipa mkono. Akabeba sanduku lake.

Nikakaa kwenye kiti chake kando ya kitanda. Baada ya muda mzee akafungua macho, akanitafuta usoni, akaona si yeye. Akaniuliza yuko wapi.

Nikamwambia anaegesha gari.

Akaridhika. Akageuza kichwa kwenye mto, akatazama mlangoni kumngoja.